Mbwa anaitika vizuri uani, akifika ufukweni haji. Klika imeshindwa au nimekosea mimi?

#1 Mkazi wa Raskazone
Wakuu, salaam. Nina mbwa dume wa kienyeji, ana mwaka na miezi minne, jina lake Chui. Tangu Machi namfundisha kuja akiitwa kwa kutumia klika, kile kidude cha plastiki chenye kibati ndani, ukikibonyeza kinalia "tak". Kwa asiyekijua: siku za mwanzo unabonyeza na kumpa kitu cha kula, unabonyeza na kumpa, hadi mlio wenyewe umgeuze kichwa. Baada ya hapo unamwita, akikufuata unabonyeza, akifika anapata chake.

Uani sina la kulalamika. Nikisema "Chui, njoo!" anaacha hata shimo analochimba chini ya mwembe. Tatizo ni ufukweni. Jumamosi alfajiri maji yamekupwa, nikamfungua mnyororo, akaenda moja kwa moja kwa vijana waliokuwa wakiparua samaki. Niliita mara kumi na moja. Kila nikiita sikio lake la kushoto linageuka upande wangu, nililiona kabisa, kisha linarudi. Miguu haikuondoka pale kwenye utumbo wa samaki. Nikabonyeza klika tena na tena, wapi. Mwisho nilimfuata mwenyewe, nikamfunga, nikamchapa kamba mbili, tukarudi nyumbani kimya.

Naumia kwa sababu nampenda huyu mbwa, na barabara ile ina bodaboda. Siku moja hatarudi. Waliofanikiwa naomba waniambie walifanyaje.

#2 Kange Kati
Nimekaa hapa nasoma. Wangu nikimwita anakimbilia kwa jirani.

#3 Mfugaji wa Pongwe
Ndugu yangu, jibu umeliandika mwenyewe mwishoni mwa kisa chako. Ulimwita, hakuja, ukamfuata, ukamchapa. Yeye hajui kwamba amechapwa kwa kutokuja mara kumi na moja. Anachojua ni kwamba sauti yako ilisema "Chui, njoo" na baada ya hapo maumivu yakafika. Kesho ukiita neno lile lile ufukweni, anakumbuka kamba.

Nina mbwa wanne wanaolinda mifugo, na kosa hilo nimelifanya kwa wawili wa kwanza. Mmoja ilifika mahali nikitaja jina lake anajikunja na kulala chini ya gari. Jina lake mwenyewe lilikuwa limeshakuwa fimbo.

Na si kuchapa tu. Jiulize huwa unamwita kwa ajili ya nini. Kumwogesha? Kumfunga? Kumtia dawa ya kupe? Kama kila akija mchezo unakwisha, kwa nini aje?

#4 Baharia wa Sahare
Nyote mmesahau kusi. Huu ni mwezi wa saba, kusi linavuma tangu asubuhi. Sisi baharini tunajua, aliyeko joshini, upande upepo unakotoka, akiita, wa demani, upande upepo unakokwenda, anamsikia vizuri. Wa demani akiita, wa joshini anaona mdomo unafunguka tu. Kama ulisimama demani, huyo mbwa alipata vipande vya sauti. Halafu unataka asikie kidude kinacholia tak? Mwonee huruma.

#5 Mkazi wa Raskazone
#3 nimekuelewa, na nakiri kosa, sitarudia. Ila #4, sikio lilikuwa linageuka. Angekuwa hasikii lingegeukaje?

#6 Baharia wa Sahare
Alisikia kitu. Kusikia kitu na kusikia neno ni mambo mawili, yakhe.

#7 Mtaalamu wa Mifugo
Habari zenu. Niongeze kwa upande wa kazi yangu.

Masikio ya mbwa husikia milio ya juu zaidi kuliko yetu. Binadamu mwenye masikio mazima huishia kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, mbwa hufika karibu 45,000. Upepo unaweza kuwa sababu, ila nisingeanzia hapo.

Mimi ningeanzia kwenye klika yenyewe. Mleta uzi, soma tena sentensi yako: mbwa anakula utumbo wa samaki, wewe unabonyeza klika tena na tena. Klika si wito. Klika inasema "hapo hapo, umepatia". Uani ulimfundisha kwamba ile tak ni ahadi ya chakula kwa kitendo anachofanya dakika ile. Sasa ufukweni kitendo alichokuwa akikifanya ni kipi? Kumeza matumbo ya samaki. Umesimama mbali unamsifia.

Wito ni neno au filimbi. Klika hubonyezwa mara moja tu, pale anapokata shauri kukugeukia, kabla hata hajapiga hatua ya pili. Ukichelewa sekunde mbili, umeshasifia kitu kingine. Anayejifunza aanze bila mbwa: mwambie mtoto arushe mpira juu, wewe ubonyeze unapogusa ardhi. Utashangaa unavyochelewa.

#8 Mkonge Mtupu
Hii klika si iligunduliwa na yule mama wa Marekani, Karen Pryor? Nilisikia alianza nayo kwa mbwa wake.

#9 Nilisoma Moro
#8 hapana. Karen Pryor ndiye aliyeieneza kwa watu wa kawaida, lakini yeye alianza na pomboo kule Hawaii miaka ya 1960, na alitumia filimbi kwa sababu pomboo huwezi kumvuta kwa kamba wala kumchapa, anazama anakuacha. Waliotangulia ni mume na mke, Keller na Marian Breland, waliofanya kazi chini ya mwanasaikolojia B. F. Skinner, wakaanza kufundisha wanyama kwa njia hii miaka ya 1940.

Na hatuna haja ya kwenda Marekani. Morogoro pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO wanafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, na wanatumia klika hii hii. Nimeona kwa macho yangu nikiwa chuoni. Panya anapita juu ya harufu, anasimama, anakuna. Mfundishaji anabonyeza, panya anaacha kila kitu anakimbilia ndizi iliyopondwa na karanga. Hakuna anayempigia kelele wala anayemshika mkia. Panya mmoja wao, Magawa, alizaliwa Tanzania, akafanya kazi Kambodia, na mwaka 2020 alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza kwa mabomu aliyoyagundua. Alikufa Januari 2022 akiwa mstaafu. Kama panya anaweza, Chui anaweza.

#10 Kange Kati
Kumbe wale panya ni wa Morogoro? Mimi nilidhani Arusha.

#11 Nilisoma Moro
Morogoro, tangu mwaka 2000.

#12 Mkonge Mtupu
Shukrani #9. Basi mzizi ni yule Mrusi Pavlov, aliyezoesha mbwa kutokwa mate wakisikia mlio, na kengele yake iliyompa Nobeli.

#13 Mtaalamu wa Mifugo
Nobeli ya Pavlov ya 1904 ilikuwa ya utafiti wa usagaji wa chakula tumboni, si ya kengele. Na vyombo alivyotumia vilikuwa vingi, hata metronomu, kile kinachopiga tik-tak kuwasaidia wanamuziki. Ila umegusa penyewe: siku zile za mwanzo za kubonyeza na kumpa, ni kazi ya Pavlov. Mbwa hafanyi lolote, mlio unapata maana tu. Baada ya hapo inaingia kazi ya Skinner, mbwa anafanya jambo ili mlio utokee.

#14 Bi Mkubwa wa Mabokweni
Wanangu, hamjambo. Mimi nina mbuzi na nina mbwa jike wa kuwalinda, anaitwa Popi. Hapa kwetu ni nyumba ya swala. Mbwa wa kulinda mifugo ameruhusiwa, lakini ute wake ni najisi, na kwa madhehebu yetu kuosha ni mara saba, moja kwa udongo. Kwa hiyo kumlisha mkononi au kumpapasa siwezi. Watu wakaniambia basi hutaweza kumfundisha.

Nimemfundisha. Nina upawa wa zamani, ule wa kifuu, mpini wake umelegea. Nikiugonga ukingoni mwa sufuria unatoa "ko", mlio mmoja mkavu. Nilianza na ko, namrushia kichwa cha dagaa chini. Ko, namrushia. Siku tatu. Kisha nikawa nasema "Popi, nyumbani!" naye akigeuka tu, ko, kichwa cha dagaa kinaanguka miguuni pangu, yeye anakuja kukichukua. Sikumgusa hata siku moja. Sasa anatoka kwenye majani kule chini akisikia neno moja tu, na upawa umerudi jikoni, wa mbwa nimeununua mwingine.

Qurani yenyewe, Suratul Maida aya ya 4, inataja wanyama wa kuwinda waliofundishwa. Kumfundisha si jambo geni.

#15 Mfugaji wa Pongwe
Shikamoo bi mkubwa. Hiyo ya kurusha miguuni nimeichukua, maana hata mbwa mwoga wa mkono anakuja. Yule wangu wa chini ya gari angenufaika sana nayo zamani zile.

#16 Mkazi wa Raskazone
Shikamoo bi mkubwa, ahsante sana. Nimejaribu leo kwa kifuniko cha chupa ya jemu, kile chenye kitovu kinachobonyea. Kinalia karibu sawa na klika. Kalamu ya kubonyeza nayo inafaa, ila yangu inalia mara mbili, ya kushuka na ya kupanda.

#17 Bodaboda Chumbageni
Mnazunguka. Swali ni moja: unampa nini akifika?

#18 Mkazi wa Raskazone
Vipande vya mkate. Siku nyingine ugali uliolala.

#19 Bodaboda Chumbageni
Haya. Utumbo wa samaki huku, mkate mkavu kule. Wewe ungekwenda wapi?

#20 Kange Kati
😂😂 Uzi ungeishia hapa.

#21 Mtaalamu wa Mifugo
Hauishii, lakini #17 ana hoja nzito. Uani mkate unatosha kwa sababu hauna mshindani. Ufukweni unashindana na harufu ya samaki, ndege, miguu ya watu, mbwa wengine. Nenda buchani uulize pafu, mabucha mengi huwauzia wenye mbwa kwa bei nafuu. Lichemshe bila chumvi wala kitunguu, kitunguu ni sumu kwa mbwa. Kata vipande vidogo kama punje za kunde. Hiyo pafu asiipate mahali pengine popote ila kwenye wito wa nje. Vipande kumi, dakika tano, basi. Usimshibishe.

Na asipewe mifupa ya kuku iliyopikwa, inapasuka kama vijiti.

#22 Mwalimu Mstaafu Ngamiani
Nimesoma yote. Naona mnatafuta kosa kwenye sauti, chakula na upepo, na mimi niliyefundisha watoto zaidi ya miaka thelathini naona kitu kingine. Mtoto anajua saba mara nane akiwa dawati lake la kila siku. Mpeleke mbele ya ubao mbele ya mkaguzi, hajui. Hajasahau, mahali pamebadilika. Chui amejifunza "njoo ya chini ya mwembe". "Njoo ya ufukweni" hajawahi kufundishwa hata mara moja, ulimpeleka kwenye mtihani wa mwisho.

Kati ya uani na ufukweni kuna hatua ngapi? Mlangoni. Barazani. Barabarani saa sita za mchana watu wamelala. Kiwanja cha mpira asubuhi wakati hakuna mtu. Ufukweni maji yamejaa, wavuvi hawapo. Kila hatua unaanza upya kama hajui kitu, naye atajifunza haraka zaidi kila safari. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi.

#23 Mfugaji wa Pongwe
Mwalimu shikamoo. Hatua nakubali zote. Ya samaki mbichi sikubali, yule wangu wa chini ya gari nilimfundisha upya akiwa na miaka saba. Nilibadilisha hata neno. Jina lilishaharibika, nikalitupa, nikampigia mluzi mpya ambao hajawahi kuusikia. Mwezi mmoja. Mbwa mzima anajifunza, pengine ana utulivu kuliko kijana wa mwaka mmoja.

#24 Mwalimu Mstaafu Ngamiani
Marahaba. Nakubali kukosolewa.

#25 Mkonge Mtupu
Mimi nasema ni damu. Mbwa koko amezaliwa kujitafutia jalalani, hana sababu ya kumsikiliza mtu. Chukua German Shepherd uone.

#26 Bi Mkubwa wa Mabokweni
Popi aliokotwa jalalani, mwanangu.

#27 Bodaboda Chumbageni
Na mimi nimemkimbiza German Shepherd wa mteja kutoka Bombo mpaka karibu na Mkwakwani. Alikuwa anafuata jike.

#28 Mtaalamu wa Mifugo
Hiyo ya jike msiipuuze. Dume asiyehasiwa wa umri wa Chui akinusa jike aliye kwenye joto, pafu lako halina nguvu. Kumhasi kunasaidia kupunguza uzururaji kwa wengi, ingawa hakumfundishi kuitika.

Na kwa kuwa mnawafungulia ufukweni penye watu: chanjo ya kichaa cha mbwa. Ya kwanza akifikisha miezi mitatu, kisha kila mwaka. Mtu aking'atwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, ndipo akimbizwe hospitali hata kama mbwa anaonekana mzima. Dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Samahani kwa kutoka nje ya mada.

#29 Kange Kati
Si nje ya mada. Wangu chanjo imepitiliza, nampeleka wiki hii.

#30 Mkazi wa Raskazone
Wakuu, wiki tatu zimepita, nilete mrejesho.

Kwanza nilibadilisha neno. Nyumbani kila mtu alikuwa na lake: mimi "njoo", mke wangu "psss", watoto "Chui Chui Chui" kutwa nzima bila sababu. Tumekaa kikao, mwanangu mdogo akachagua "Embe!", kwa kuwa hakuna anayempigia mbwa kelele ya embe. Sheria ya nyumba: linatamkwa mara moja tu, na likitamkwa lazima chakula kitoke. Kumwogesha tunamfuata alipo, hatumwiti.

Pili, nimefuata hatua za mwalimu. Mlangoni siku mbili, barazani mbili, kiwanjani wiki nzima. Nimenunua kamba ya mkonge mita kumi, nikaifunga kwenye mkanda wa kifuani, si shingoni, ili akikimbia asijikabe. Onyo kwa wengine: vaeni glavu. Alimwona kunguru siku ya kwanza, kamba ikapita kiganjani kama msumeno.

Tatu, akija nampa pafu, halafu namwachia aende tena. Hili ndilo lililonigusa kuliko yote. Zamani akija nilimfunga. Sasa mara nne kati ya tano namwambia "haya, nenda". Juzi kiwanjani nilisema "Embe" akiwa ananusa kichaka. Kichwa hakikuinuka kwanza. Mkia ndio uliosimama, ukatulia, kama mtu anayefikiri. Kisha sikio la kushoto, lile lile. Kisha shingo. Nikabonyeza pale pale shingo ilipogeuka, akaja anapeperusha ulimi, mchanga unaruka nyuma yake. Sikuwa nimeivuta kamba hata kidogo. Nilikaa chini na kumkumbatia.

Ufukweni sasa. Jumapili, wavuvi wapo, kamba ipo. Nimemwita mara tisa kwa asubuhi nzima, amekuja mara saba.

#31 Mfugaji wa Pongwe
Umenifurahisha mno. Ni lile neno. Ulitupa neno lenye kamba ndani yake.

#32 Bodaboda Chumbageni
Ni pafu.

#33 Mwalimu Mstaafu Ngamiani
Hongera. Kiwanja cha mpira wiki nzima, msilisahau hilo.

#34 Mtaalamu wa Mifugo
Hongera sana. Umebadilisha vitu vinne kwa pamoja, kwa hiyo kila mmoja hapa atadai ni chake. Usiondoe kamba bado. Na usianze kupunguza chakula mapema. Akishakuwa wa uhakika ndipo umpe mara hii, mara ile usimpe, lakini sifa apate kila mara. Ukikata ghafla atajaribu kwa nguvu siku chache kisha ataacha. Zile mara mbili ambazo hakuja ilikuwaje?

#35 Mkazi wa Raskazone
Ya kwanza alipita jike wa jirani. Ya pili sielewi. Hakukuwa na mbwa, hakukuwa na samaki, alikuwa amesimama tu anatazama maji. Nikasema "Embe" kwa sauti ile ile. Safari hii hata sikio halikugeuka.

#36 Baharia wa Sahare
Hakuna hata sikio?

#37 Mkazi wa Raskazone
Hata sikio.

#38 Baharia wa Sahare
Na upepo ulikuwa unakupiga usoni au mgongoni?

#39 Mkazi wa Raskazone
Usoni. Kofia ilirushwa nyuma.

#40 Baharia wa Sahare
Nilisema tangu #4. Kesho maji yanakupwa asubuhi. Nenda hapo hapo, safari hii zunguka usimame joshini, umwite mara moja, utuletee jibu.

#41 Bi Mkubwa wa Mabokweni
Na uchukue upawa, mwanangu. Mlio wa kifuu unakwenda mbali kuliko hiyo plastiki.

#42 Mkazi wa Raskazone
Nimeuazima kwa mama. Saa kumi na mbili nitakuwa pale.